Paka Aliyehitaji Nyumba Tulivu

Kabla mama mmoja hajaniruhusu hata kumwona paka, alinihoji kama mzazi anayeozesha binti. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe uani kwake, hapa Lubumbashi, upande wa Makomeno. Karibu na nyumba yetu kuna kanisa lenye mikesha? Jirani ana jenereta, na ameiweka upande gani? Watoto wangu wana umri gani, na yule mdogo humshikaje mnyama? Wageni huja mara kwa mara? Nilimjibu swali moja moja. Alipouliza kama kuna chumba ambacho mlango wake unaweza kufungwa na watu wasipite humo, nilimwambia kipo, kile tunachowekea magunia ya unga na makaa ya msimu wa mvua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Utamwona. Lakini usimguse."

Mama huyo hana shirika wala kibao mlangoni. Ana vyumba viwili vya uani, sufuria kubwa ya bukari (ugali) iliyochanganywa na dagaa, na subira ambayo sijaiona kwa wengi. Mji wetu unaishi kwa migodi. Mkataba ukimalizika hapa, mtu anapata kazi Kolwezi, Fungurume au Likasi, na jamaa yote inamfuata. Vitanda vinapakiwa, friji inapakiwa, mbwa naye hupandishwa garini kwa kuwa ni mlinzi. Paka hubaki. Watu husema paka ni wa nyumba, atajitafutia panya. Majirani walipojua kwamba mama huyu hafukuzi, wakaanza kumletea paka hao ndani ya vikapu na mifuko ya mchele, na yeye akawa anawatafutia nyumba, mmoja mmoja, kwa maswali yale yale niliyoulizwa mimi.

Aliyekuwa akinisubiri aliitwa Vumbi. Ni dume mzima, rangi yake ni ile ya barabara zetu mwezi wa nane, na sikio lake la kushoto limekatika ncha. Aliachwa katika nyumba iliyouzwa. Wenye nyumba wapya wakaleta mafundi. Kuta zikabomolewa, mashine ya kukata vigae ikalia kutwa, na paka akapanda darini akahamia huko. Siku alipokamatwa, tumbo lake halikuwa na manyoya, kwa sababu alikuwa amejilamba mpaka kwenye ngozi. Kati ya paka wengine hakuwa akila mpaka wote wawe wamelala. Nilipochungulia nyuma ya kabati alikojibana niliona macho tu, makubwa, meusi karibu yote, na mbavu zikienda mbio.

"Huyu si mkali," mama aliniambia. "Ameogopa muda mrefu, basi. Ukimpa kimya, atarudi."

Maneno hayo niliyabeba nyumbani pamoja na kikapu, na baadaye nikasoma mengi yaliyonisaidia kuyaelewa. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu, Felis lybica. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science ulionyesha asili yake iko Mashariki ya Karibu, na jamaa za paka mwitu huyo wanaishi hadi leo katika nyika za Afrika. Ni mnyama mdogo anayewinda peke yake, na yeye mwenyewe huwindwa na wakubwa kuliko yeye. Hana kundi la kumtetea. Kinga yake ni kusikia mapema na kujificha vizuri. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La paka hufika karibu 64,000, ndiyo maana husikia milio ya panya ambayo sisi hatuisikii kabisa. Mnyama aliyeumbwa hivyo ukimweka kati ya jenereta, spika na mlango unaobamizwa, masikio yake hayapati pumziko. Wengine huzoea, hasa walioshikwa na watu wakiwa wachanga, kati ya wiki ya pili na ya saba hivi ya maisha yao. Vumbi hakuna aliyejua alizaliwa wapi wala nani alimshika kwanza.

Tulimtayarishia chumba cha magunia. Tulichukua boksi la sabuni, tukalilaza ubavu, tukatoboa tundu la pili nyuma ili asijione amezibiwa njia, na ndani tukaweka kitambaa alichokuwa akilalia kwa yule mama, bila kukifua, maana harufu yake ndiyo kitu pekee alichokifahamu katika nyumba nzima. Beseni la mchanga likawekwa kona moja, chakula na maji kona ya mbali. Kikapu kilipofunguliwa aliingia bokseni moja kwa moja. Mchana hatukumwona. Asubuhi sahani ilikuwa tupu na mchanga umechimbwa, na mimi nikamshukuru Mungu, kwa sababu paka asiyekula kwa siku kadhaa ini lake huanza kuharibika.

Binti yangu hakufurahi. Alikuwa ametaka paka wa kupakata, na sasa alikuwa na boksi la sabuni kwenye chumba cha giza. Alisema tumemfunga gerezani. Nikamsomea habari ya Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ambako mwaka 2014 watafiti walieleza jaribio walilolifanya na paka 19 waliokuwa wamefika karibuni kwenye kituo cha kutunzia wanyama. Baadhi walipewa boksi la kujifichia, wengine hawakupewa. Wenye boksi walitulia mapema kuliko wenzao, tena kwa tofauti iliyoonekana ndani ya siku chache za mwanzo. Anayejificha anajipa nafasi ya kutazama kwanza, ajue nyumba hii ina nani na nani hufanya nini.

Lakini kilichomgusa binti yangu zaidi ni habari ya hapa hapa mjini. Tuna makao ya sokwe yaitwayo J.A.C.K., yaliyoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, ambayo hulea sokwe yatima ambao wafanyabiashara haramu walinyang'anywa. Mwezi wa Septemba 2022 watu waliingia humo usiku wakaiba watoto watatu wa sokwe na kudai fidia. Redio za dunia nzima zilitangaza. Kabla ya wizi watoto hao walikuwa watano. Wawili waliosalia walikutwa wamejificha jikoni. Binti yangu alikuwa ameisikia habari ile ilipotokea, na hao wawili wa jikoni ndio waliombaki moyoni. Nilipomwambia kwamba Vumbi naye yuko jikoni kwake, hakuniuliza tena kuhusu gereza.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya maneno ya watu. Kwetu, paka anayejificha mchana na kutembea usiku hasemwi vizuri. Jirani mmoja, mama wa heshima ambaye watoto wangu wamekulia mikononi mwake, alikuja jioni akakaa, akala nasi, ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Mama, ule paka eko anajificha mu giza. Haiko ya bure."

Nilijua anachomaanisha. Alikuwa anasema ulozi, na alisema kwa mapenzi, akiwaogopea watoto. Sikubishana naye. Nilingoja saa ya chakula, nikamwomba anifuate, tukasimama kwenye ufa wa mlango bila taa. Vumbi alitoka bokseni tumbo likiburuta chini. Alikula kidogo, akainua kichwa, akala tena. Kijiko kilianguka jikoni. Akaruka, akapiga mgongo kwenye gunia, akarudi ndani ya boksi, na mkia uliobaki nje ulikuwa ukitetemeka. Mama yule aliona tumbo lisilo na manyoya. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe eko na woga tu. Pole yake." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewakemea watoto wa uani wanaopiga kelele chini ya dirisha lile.

Jambo hili linanikaa rohoni kwa sababu halihusu paka peke yake. Katika miji yetu wapo watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kushutumiwa ulozi, na mara nyingi dalili zilizotajwa ni hizi hizi: mtoto halali, mtoto anajitenga, mtoto anaamka usiku, mtoto hatazami watu usoni. Ni dalili za kiumbe aliyeogopeshwa. Jicho linaloona ubaya mahali penye woga halichagui mnyama wala mtu, na nilitaka wanangu wajifunze mapema kutazama mara ya pili kabla ya kuhukumu.

Kisha zikaja kelele zenyewe. Karibu nasi kuna kanisa ambalo hukesha Ijumaa, na spika mojawapo ilielekea ukuta wa chumba cha magunia. Nilikwenda kumwona pasta, mchana, nikamsalimu, nikamweleza ukweli wote: kwamba nina mnyama anayeugua kwa kelele, na kwamba mimi mwenyewe ni mwalimu ninayesahihisha madaftari usiku. Sikumwomba azime kitu. Nilimwomba aigeuze spika ielekee ndani kwa waumini. Aliwaita vijana wake wakaigeuza nikiwa nimesimama pale pale, na baadaye mzee wa nyumba ya tatu, mwenye ugonjwa wa moyo, alimpelekea shukrani ambazo hakuna aliyezitarajia. Jenereta ya jirani haikuweza kuhamishwa. Kwa hiyo tulihamisha magunia, tukayapanga upande ule mpaka juu, tukatundika blanketi nzito, na mngurumo ukapungua sana. Siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo mji mzima hupiga mayowe, hakuna ukuta unaozuia, basi tulifunga dirisha tukaacha redio ndogo ya sauti ya chini ichezwe tangu asubuhi. Kelele ya ghafla humtisha paka kuliko ile anayoisikia kidogo kidogo siku nzima.

Mvua ya kwanza juu ya mabati ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Ilikuja jioni na radi zake, na mwanangu mdogo, bila kuambiwa, alichukua kitabu chake cha shule akaenda kukaa nje ya mlango wa chumba kile, akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mvua ikakatika. Alisema anataka Vumbi asikie sauti ya mtu ambaye haogopi.

Zaidi ya yote tulianza kujisikia sisi wenyewe. Familia yetu ilikuwa ya kuitana kutoka chumba hadi chumba, milango ikibamizwa na upepo, simu zikicheza muziki bila vipokea sauti vya masikioni. Kwa ajili ya paka tulianza kuinuka na kwenda alipo mtu ili kuzungumza naye. Mume wangu, ambaye hufanya kazi mgodini na kurudi nyumbani kwa zamu, alikuja mapumziko akauliza nani anaumwa. Hakuna aliyeumwa. Alilala usingizi ambao, kwa maneno yake, hakuwa ameupata tangu aanze kazi ile. Sehemu kubwa ya kelele za nyumba iko mikononi mwa wenye nyumba, na hilo nisingeliamini kama Vumbi asingetulazimisha kulijaribu.

Urafiki ulikuja kwa macho. Binti yangu alisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kuwa mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, kisha kuyafumbua polepole, paka huelekea kumjibu vivyo hivyo na kumkaribia kwa urahisi zaidi. Akawa anakaa sakafuni, ubavu kwa ubavu na boksi, hamkodolei macho, anafumba na kufumbua. Siku Vumbi alipomjibu alinijia jikoni kwa kunyata, machozi yakimlengalenga, akaninong'oneza habari hiyo kana kwamba nyumba nzima ilikuwa imelala.

Vumbi alitutia wasiwasi mara moja tu, kwa ugonjwa. Ilikuwa kipindi ambacho upande wa pili wa ukuta walikuwa wakichimba kisima kwa mashine. Tulimwona akiingia kwenye mchanga, anajikunja, anasubiri, hatoi kitu, anatoka, anarudi. Mtu mmoja alishauri tumpe nusu ya kidonge cha paracetamol. Nilimpigia kwanza daktari wa mifugo, mmoja wa wale waliosomea kwenye kitivo chao hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na jibu lake nalirudia kwa kila mwenye paka: paracetamol ni sumu kwa paka, hata kidogo tu. Mwili wake hauwezi kuivunja, damu hushindwa kubeba hewa, naye hufa. Kuhusu mkojo alisema tumlete saa hiyo hiyo, tusingoje kesho, kwa sababu dume aliyezibika njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Tulifika mapema. Njia haikuwa imeziba; kibofu kilikuwa kimevimba tu. Alituambia kwamba paka wengi hupata maradhi hayo bila kijidudu chochote, na kwamba msukosuko wa nyumba ni miongoni mwa vinavyoyachochea. Dawa ya maumivu aliyotupa ilikuwa ya paka. Mengine yote yalikuwa ya nyumbani: maji mengi, vibakuli zaidi ya kimoja, chakula chenye mchuzi, saa zisizobadilika, na utulivu. Tena utulivu ndio aliourudia.

Baba mkwe alipofariki, kilio kilikaa kwetu. Turubai, viti vya plastiki, kwaya, akina mama jikoni usiku kucha, ndugu waliolala hadi kwenye kile chumba cha magunia. Hapo sikuwa na mashaka. Mtu akifa, watu wanakuja, nyumba ni yao, na hakuna anayeombwa anyamaze kwa ajili ya paka. Lakini nilikuwa nimelipanga jambo hilo tangu siku ya kumchukua, maana mama wa Makomeno aliliuliza: "Kukiwa na msiba utampeleka wapi?" Tulimrudisha kwake, ndani ya boksi lile lile na kitambaa kile kile, kabla turubai halijasimikwa. Alirudi baada ya watu kutawanyika. Alijificha tena, safari hii kwa muda mfupi zaidi, na usiku mmoja umeme ulipokatika alitoka mwenyewe akaja kukaa kwenye kizingiti cha jikoni, karibu na mbabula yenye makaa ya mwisho, akatutazama tukila.

Vumbi hapakatwi mpaka leo. Ukimwinua anakakamaa, kwa hiyo hatumwinui. Manyoya ya tumbo yamerudi. Panya hawagusi unga. Akisikia hodi isiyo ya kawaida huenda bokseni kwake, na wageni wetu wamejua kwamba hakuna wa kwenda kumtoa. Watu huniuliza nafaidika nini na paka asiyekubali kubebwa. Nawajibu kwamba nyumba yangu imetulia, na wanangu wanajua kukaa karibu na aliyeogopa bila kumvuta mkono.

Nawaomba ninyi mnaohama, kwa kuwa katika mji huu kila mwezi kuna lori linalopakiwa. Mpeni paka nafasi ndani ya kikapu kama mnavyompa mbwa nafasi garini. Ikiwa hamwezi kabisa kwenda naye, mtafutieni mtu wiki kadhaa kabla, mkabidhini pamoja na kitambaa chake kisichofuliwa, mseme anakula nini na saa ngapi, mseme anaogopa nini. Mchanjeni kichaa cha mbwa kwanza, kwa sababu ugonjwa huo hupitia kwa paka pia na humuua mtu. Na wewe mwenye chumba kimoja kisichopitwa na watu, hata kama kimejaa magunia, jua kwamba kinatosha. Kwa yule mama wa Makomeno bado wapo paka wanaosubiri, na maswali yake ni yale yale.